Uingereza, Ujerumani au Marekani: usaili upi wa chuo cha muziki unamfaa aliyelelewa na solfa?

Kijana aliyekulia kwenye kwaya ya solfa (kusoma muziki kwa herufi d r m badala ya nota) Dar es Salaam, Mombasa au Kampala akianza kuwaza chuo cha muziki ng'ambo, jambo la kwanza analouliza ni ada. Ada ni nzito na tutaifikia. Linalotangulia ni hili: chuo kitakupima kwa kitu gani, na kipimo hicho kinakuja mwezi gani? Mpiga violini yuleyule, mwenye vipande vilevile, anaweza kupita vizuri Manchester na kukwama Leipzig, tena akakwama kwenye karatasi ya nadharia, mkono wake ukiwa hauna kosa.

Tunalinganisha njia tatu za kuingia shahada ya kwanza ya kupiga ala au kuimba muziki wa kiklasiki. Ufaransa tumeiweka kando, isipokuwa kwa neno moja huko mbele linalowahusu waliosoma muziki Bujumbura au Lubumbashi.

| | Uingereza | Ujerumani | Marekani |
|---|---|---|---|
| Maombi hufungwa | Mwanzoni mwa Oktoba | Vyuo vingi: Machi hadi mapema Aprili | Vyuo vingi: 1 Desemba |
| Usaili | Hasa Novemba na Desemba | Hasa Juni | Januari hadi Machi, kwa waliopita mchujo wa video |
| Nadharia na sikio | Mara nyingi maswali machache ndani ya usaili | Mtihani wa kuandika, na aghalabu wa mdomo pia | Mara nyingi baada ya kukubaliwa, ili kukupangia darasa |
| Piano kwa asiye mpiga piano | Kwa kawaida haipimwi | Kwa kawaida hupimwa | Kwa kawaida haipimwi |
| Lugha | Kiingereza | Kijerumani, mara nyingi B1 au B2 (ngazi za kati za lugha) | Kiingereza |
| Masomo huanza | Septemba | Oktoba | Agosti au Septemba |

Tarehe hizi husogea siku chache mwaka hadi mwaka, na kila chuo kina kanuni zake. Pakua kanuni za mwaka wako, zichapishe, uziweke ndani ya kisanduku cha ala yako.

Uingereza: dakika kumi na tano za mkono wako

Vyuo vingi vya huko, vikiwemo Royal Academy of Music na Royal College of Music za London, Royal Northern College of Music ya Manchester na Royal Conservatoire of Scotland ya Glasgow, hupokea maombi kupitia UCAS Conservatoires, mfumo wa pamoja wa maombi, ambako fomu moja inabeba hadi vyuo sita. Guildhall School ya London hupokea maombi yake moja kwa moja. Unalipa ada ya maombi, na juu yake kila chuo kinatoza ada yake ya usaili. Ukichagua sita, piga hesabu ya sita.

Usaili wenyewe ni mfupi, takriban robo saa. Unapiga vipande viwili au vitatu vinavyotofautiana, unapewa ukurasa mfupi wa kusoma nota papo kwa papo, kisha mnazungumza. Wanaweza kukuuliza kipande kiko katika ufunguo gani, kinahamia wapi katikati, kwa nini umechagua mwendo ule. Mara nyingi hiyo ndiyo nadharia yao, na inatoka ndani ya kipande chako mwenyewe. Kwa hiyo maandalizi ya nadharia ya Uingereza yanaanzia kwenye karatasi ya kipande: andika kwa penseli ufunguo wa kila sehemu, kadensi kubwa zote (miishio ya vifungu vya muziki), mwaka wa utunzi, na maana ya kila neno la Kiitalia lililomo. Saa nne za kazi kwa kila kipande zinatosha.

Kinachowaangusha wengi ni uchaguzi wa vipande. Mwombaji anachukua kipande kilicho juu ya uwezo wake kwa kuamini kwamba ugumu utahesabiwa. Jopo linasikia sauti isiyo safi na mapigo yanayokimbia penye sehemu rahisi na kuzorota penye sehemu ngumu. Chagua kipande ambacho umeshakipiga mbele ya watu angalau mara tano, na uanze na kile ambacho nusu dakika yake ya kwanza ni salama, kwa sababu jopo linaweza kukukatiza wakati wowote. Kukatizwa si dalili mbaya, wanabana muda tu. Zoea hali hiyo nyumbani: mwombe mtu akusimamishe popote na kukutajia baa (kipande kati ya mistari miwili ya wima) nyingine ya kuanzia.

Kuna jambo moja linalowahusu sana wasomaji wa Afrika Mashariki. Wengi wetu tumepita kwenye mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki iliyoanzishwa mwaka 1889. Mtihani wake wa kawaida wa ala una alama 150: vipande vitatu vya alama 30 kila kimoja, skeli (ngazi za nota) 21, kusoma nota papo kwa papo 21, na sikio 18. Mwaka 2020 ulikuja mtihani wa video wenye vipande vinne bila skeli, bila kusoma papo kwa papo, bila sikio. Ni mtihani halali, na kwa mtu anayeishi mbali na kituo cha mitihani umekuwa msaada mkubwa. Ila kama madaraja yako ya juu uliyapata kwa video, hakuna mtu aliyewahi kukupima kusoma nota mpya mbele yake, na usaili wa Uingereza utakuwa mara yako ya kwanza. Weka dakika kumi kila siku, kipande kipya kila siku, chepesi kuliko kiwango chako kwa madaraja mawili, na mapigo yasisimame hata ukikosea. Msomaji wa nota anayesimama kusahihisha hupoteza alama zaidi ya anayekosea na kusonga mbele.

Marekani: mlango wa kwanza ni kamera

Huku unachujwa kwa video kabla ya kuitwa. Vyuo vingi vikubwa hutaka video ifike 1 Desemba, na wanaopita huitwa kwa usaili kati ya Januari na Machi. Mtihani wa nadharia, pale ulipo, mara nyingi huja ukishakubaliwa, ili wajue wakuanzishe darasa gani. Mtu mwenye mkono mzuri na nadharia changa ana nafasi bora huku kuliko Ujerumani. Kazi kubwa ni kurekodi.

Video moja kwa kila kipande, bila kukata wala kuunganisha. Uso, mikono na ala vionekane, na msindikizaji wako asikike kwa uwiano. Weka simu kwa ulalo, mita mbili na nusu hadi tatu kutoka kwako, juu kidogo ya kiwango cha kifua. Kama programu yako ya kurekodi ina kipimo cha sauti kinachojipandisha na kujishusha chenyewe, kizime: kisipozimwa, sehemu zako za pole zitapandishwa na sehemu za nguvu zitabanwa, na jopo litasikia mpigaji asiyejua kutofautisha nguvu. Jaribu kwa kupiga sehemu ya nguvu kuliko zote kisha ya pole kuliko zote, usikilize kwa spika za masikioni. Zima feni ya dari na friji ya chumba cha jirani. Pangilia saa isiyo na adhana, kengele wala jenereta. Katikati ya asubuhi siku za kazi huwa na utulivu.

Mpiga piano, kumbuka kwamba kinanda cha umeme kwa kawaida hakikubaliwi. Unahitaji piano halisi iliyotyuniwa, na huku kwetu hizo si nyingi. Ulizia makanisa makubwa, hoteli za zamani, shule za kimataifa, Kenya Conservatoire of Music ya Nairobi, au Dhow Countries Music Academy pale Unguja. Pwani, unyevu hulegeza utyunishaji upesi, kwa hiyo mtyunishaji aje siku mbili au tatu kabla ya kurekodi, si mwezi mmoja. Piano iliyoshuka karibu nusu toni inamlazimisha mpiga violini au filimbi kushuka nayo, na filimbi ikivutwa nje kupita kiasi nota zake zenyewe huachana.

Ujerumani: mahali ambapo sikio linaweza kukufungia mlango

Ujerumani ina vyuo vikuu 24 vya muziki vya serikali, kile cha Leipzig kikiwa na mizizi ya mwaka 1843, kilipoanzishwa na Mendelssohn. Mtihani wao wa kujiunga, Aufnahmeprüfung au Eignungsprüfung, una sehemu tatu au nne: ala yako kuu, piano kama ala ya pili, nadharia ya kuandika, na Gehörbildung, yaani mafunzo ya sikio. Katika vyuo vingi unatakiwa kupita kila sehemu. Mkono mzuri haufidii sikio lililofeli, au unafidia kwa masharti tu.

Kabla ya yote, mwandikie mwalimu. Nafasi za Ujerumani zinategemea darasa la mwalimu mmoja mmoja: kama hakuna mwanafunzi anayeondoka mwaka huo, anaweza kuwa na nafasi moja au hana kabisa. Barua pepe fupi kati ya Oktoba na Desemba, yenye kiungo cha video mbili na ombi la somo moja la majaribio, ni desturi ya kawaida kabisa huko, wala hakuna atakayeona umejipendekeza. Somo hilo halikuhakikishii nafasi. Linakuambia mapema kama kiwango chako kinakaribia, na hiyo peke yake inaweza kukuokolea nauli ya ndege.

Vipande: mpiga piano aandae kwa kawaida kipande cha sauti zinazofuatana cha Bach, mara nyingi dibaji na fuga, sonata ya kiklasiki, zoezi la ufundi, kipande cha karne ya 19 na kimoja cha karne ya 20 au 21, vyote kichwani. Mwimbaji aandae nyimbo na aria za zama mbalimbali, baadhi kwa Kijerumani, kichwani pia, na vyuo vingi huongeza shairi la kusomwa kwa sauti. Mwimbaji mwenye sauti nzuri na Kijerumani kilichokaririwa bila maana hugundulika kwenye shairi. Tafsiri kila neno kwa Kiswahili, kisha lisome kama unavyoghani shairi la kwenu.

Sasa karatasi. Kwa kawaida inadumu kati ya saa moja na saa moja na nusu, na ndani yake utakuta intavali (umbali kati ya nota mbili) za kutambua kwa kusikia, kodi (sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja) za meja, maina, zilizopunguzwa na zilizoongezwa pamoja na migeuzo yake, imla (kuandika unachosikia) ya mapigo, imla ya sauti moja ya baa nane hivi, na mara nyingi imla ya sauti mbili. Upande wa kuandika: skeli zote pamoja na zile za kale za kanisa, kadensi ya sauti nne, na uchambuzi wa kodi.

Cheti chako cha nadharia ya ABRSM daraja la 5 kinakusaidia kiasi gani hapa? Nusu tu. Mtihani huo una alama 75, hupimwa kwa kompyuta kwa kuchagua na kujaza majibu, na hauna sauti yoyote ya kusikiliza. Unajua skeli hadi shapu sita na flati sita (alama za kupandisha na kushusha nota), unajua klefu nne (alama za mwanzo wa mistari zinazoonyesha nota ziko wapi), unajua kodi kuu. Hujawahi kuandika nota kwa mkono ukiwa unabanwa na muda, na hujawahi kuandika ulichosikia. Hata sehemu ya sikio ya mtihani wa ala haikutaki uandike imla. Mwenye daraja la 8 la piano anaweza kukaa kwenye chumba cha mtihani Ujerumani na kukuta hajawahi kufanya kitu kile hata mara moja.

Anayeingia na mtaji ni mwanakwaya wa solfa.

Solfa: mtaji wako, na pale inapokusaliti

Solfa ya kwaya zetu, ile ya d r m f s l t ambayo d huhama kulingana na ufunguo, ni chombo bora mno cha imla. Aliyeimba sauti ya tena au alto kwa miaka sita kwa kusoma solfa tayari anasikia nota kwa kazi yake ndani ya ufunguo: anajua s inavyotulia, t inavyotaka kupanda, f inavyotaka kushuka. Hicho ndicho kitu wanachofundishwa wengine kwa miaka miwili. Tatizo ni kukihamisha kwenye mistari mitano ya nota haraka. Fanya hivi:

1. Mara ya kwanza usiandike. Gonga mapigo kwa kidole, tambua kama ni mawili, matatu au manne, na ushike nota ya mwisho tu. Ni d au siyo?
2. Mara ya pili andika mapigo kama vijiti juu ya mistari, bila vichwa vya nota.
3. Mara ya tatu na ya nne andika herufi za solfa chini ya vijiti, kwa penseli, baa mbilimbili. Usiposikia baa ya tatu, iruke, uandike ya nne.
4. Kisha geuza herufi kuwa nota. Kwa d ikiwa E flati, kifungu d m s l kinakuwa E flati, G, B flati, C.
5. Mara ya mwisho soma ulichoandika ukilinganisha na unachosikia, ukianzia mwisho kurudi katikati. Makosa mengi hukaa baa ya tano na ya sita, ambako kumbukumbu imechoka.

Hatua ya nne ndiyo inayokula muda. Dawa yake ni kuchukua kila siku mistari miwili ya wimbo wowote wa kwaya ulio katika solfa na kuiandika kwenye mistari mitano kwa funguo tatu tofauti, saa mbele yako. Ukifika baa nane kwa dakika nne, uko tayari.

Mitego iko mitatu, na miwili ya kwanza inatokana na solfa yenyewe. Wa kwanza ni maina. Kwaya zetu huanzia maina kwenye l, kwa hiyo nota inayopandishwa ni se (s iliyopanda nusu toni). Mtu akizoea kwamba se ina shapu, anaandika shapu kila mahali. Katika C maina, d ni E flati, s ni B flati, na se ni B isiyo na flati: unaweka alama ya kufuta flati, si shapu. Andika se ya kila maina kumi na mbili kwenye kadi na uirudie hadi ikutoke bila kufikiri.

Wa pili ni intavali zinazopigwa peke yake, bila ufunguo. Mwanasolfa anapotea kwa sababu hakuna d. Mpe d wa kubuni. Ukisikia nota mbili, jaribu kuiita ya chini d: d–r, d–m, d–f, d–s, d–l, d–t zinakupa pili kubwa, tatu kubwa, nne kamili, tano kamili, sita kubwa na saba kubwa. Isipokubali, jaribu hizi: m–f ni pili ndogo, l–d ya juu ni tatu ndogo, f–t ni nne iliyoongezwa, m–d ya juu ni sita ndogo, r–d ya juu ni saba ndogo. Kwa mazoezi ya dakika kumi kwa siku, wengi huzishika zote ndani ya wiki nane. Saa mbili za Jumamosi hazileti matokeo hayo, kwa sababu sikio husahau katikati ya wiki.

Wa tatu ni wa majina. Ujerumani, B ni B flati, na B ya kawaida huitwa H. C shapu ni Cis, E flati ni Es, A flati ni As. Kile kifungu cha d m s l katika E flati, Mjerumani anakiandika Es, G, B, C. Ukiandika B ukimaanisha H, jibu ni kosa hata kama sikio lilisikia sawasawa. Meja ni Dur na huandikwa kwa herufi kubwa, maina ni Moll na huandikwa kwa herufi ndogo, hivyo A na a ni funguo mbili tofauti. Badilisha majina kwenye karatasi zako zote miezi sita kabla, uzungumze nayo hata ukiwa peke yako.

Na lile neno kwa wa Bujumbura na Lubumbashi: kama ulifundishwa kwa mtindo wa Kifaransa, do kwako ni C daima. Mtindo huo ni mzuri kwa kusoma haraka na ndio unaotumika kwenye Conservatoire ya Paris, ila haukuambii kazi ya nota ndani ya ufunguo. Usichanganye mitindo miwili kwa silabi zilezile. Tumia namba 1 hadi 7 kwa kazi, na silabi kwa majina.

Sauti nne: kwaya inavyoandika na mtihani unavyotaka

Hapa wanakwaya hukatwa alama ambazo hawakutarajia. Kwenye karatasi nyingi za kwaya sauti ya tena huandikwa katika klefu ya juu na kuimbwa oktavo moja chini. Kwenye mtihani sauti hiyo ya tena hukaa katika klefu ya besi, vijiti vikitazama juu, na besi vikitazama chini. Kosa la pili ni sauti mbili kutembea pamoja kwa tano kamili au oktavo. Masikio yetu yamezoea sauti zinazosindikizana kwa mwendo mmoja, na nyimbo nyingi nzuri za huku zimejengwa hivyo. Mtihani unapima mtindo wa Ulaya wa karne ya 18, na katika mtindo huo mwendo huo ni marufuku kwa sababu unafanya sauti mbili zisikike kama moja.

Kariri kadensi moja iliyo safi na uihamishe kwenye funguo zote:

- Soprano: m f r m
- Alto: d d t d
- Tena: s l s s
- Besi: d f s d, ambapo f na s ziko chini ya d

Tazama kati ya kodi ya pili na ya tatu: besi inapanda, sauti tatu za juu zinashuka. Huo ndio ulinzi wenyewe dhidi ya tano na oktavo sambamba. Ukizipandisha zote pamoja na besi, makosa mawili yanajitokeza mara moja: soprano na besi wanatembea kwa oktavo, alto anatembea na besi kwa tano.

Uchambuzi wa Kijerumani mara nyingi hauhesabu kodi kwa namba za Kirumi. Unaziita kwa kazi: T, S na D, yaani Tonika, Subdominante, Dominante. Ndani yake kuna mtego ulionasa wengi waliosoma kwa vitabu vya Kiingereza. Kwa Mjerumani, Parallele ya C meja ni A maina, ile inayotumia nota zilezile. Vitabu vya Kiingereza hutumia neno linalofanana nalo kwa C maina. Ukiona Tp (Parallele ya Tonika) kwenye karatasi ya C meja, waza A maina.

Piano ya pili isikutishe, ila usiidharau. Vipande viwili au vitatu vyepesi vya mitindo tofauti, kwa mfano dibaji ndogo ya Bach na mwendo mmoja wa sonatina ya Clementi, vilivyopigwa kwa mapigo thabiti, vinatosha kwa vyuo vingi. Asiyewahi kugusa piano anahitaji mwaka mzima, nusu saa kwa siku. Kuna wanaoanza Februari kwa mtihani wa Juni, vidole havikubali.

Fedha

Uingereza, vyuo vikubwa vya London hutoza mwanafunzi wa kimataifa zaidi ya pauni 25,000 kwa mwaka. Ujerumani, majimbo mengi hayatozi ada ya masomo katika vyuo vya serikali. Unalipa mchango wa muhula tu. Baden-Württemberg, lenye vyuo vya Stuttgart, Freiburg, Karlsruhe, Mannheim na Trossingen, hutoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na Leipzig pia ina ada kwa kundi hilo. Kikwazo cha Ujerumani ni akaunti iliyofungiwa fedha za kujikimu: mwaka wa masomo 2024/25 ilikuwa euro 11,904. Fedha hizo ni zako, unazitumia mwenyewe mwezi kwa mwezi, lakini lazima ziwepo kabla ya viza. Marekani kuna ada za juu kuliko zote, na hapohapo kuna Curtis ya Philadelphia, ambayo tangu 1928 haimtozi mwanafunzi ada ya masomo. Nafasi zake ni chache mno, na kiwango chake kinalingana na uchache huo.

Kipimo cha kufanya nyumbani kabla ya kuchagua

Fanya mwezi Septemba, kabla Uingereza haijafunga. Mwombe mwalimu au mwenzako wa kwaya akupigie mambo haya matatu, bila kuyarudia siku nyingine ili upate alama nzuri zaidi.

La kwanza, sauti moja ya baa nane katika meja, ipigwe mara sita, uiandike kwenye mistari mitano. La pili, intavali 20 zilizo peke yake. La tatu, ukurasa mmoja usiouona kabla wa ala yako, dakika moja ya kuutazama, kisha upige bila kusimama.

Ukipata baa sita kati ya nane na intavali 14 au zaidi, Ujerumani inafikika kwa Juni ijayo, mradi lugha na piano vinakwenda sambamba. Ukipata baa chini ya tatu lakini ukurasa umepigwa kwa utulivu, peleka nguvu Uingereza mwaka huu, na Marekani ukipata piano ya kurekodia. Vipande vilevile vinaweza kubebwa kote kuwili, ukitafuta mapema orodha ya kila chuo na kuchagua vinavyoingia kwenye zote.

Kama umeanguka katikati, una chaguo ambalo watu hulisahau: omba Uingereza Oktoba, endelea na imla dakika ishirini kila siku, kisha urudie kipimo hiki katikati ya Februari kwa wimbo mpya. Wiki ishirini za kila siku hubadilisha sikio la mwanasolfa kwa kiasi cha kushangaza. Baa zikifika sita, tuma maombi ya Ujerumani Machi. Zisipofika, kaa na ada ya maombi na nauli yako, anza piano, anza Kijerumani, na umwandikie mwalimu Oktoba inayofuata.